Tandiko la chini ya lamineti: lipi la ghorofani, lipi la chini, na lipi la darini

Ukienda kununua lamineti, zile mbao nyembamba za sakafu zinazofungana kingo kwa kingo, muuzaji atakuonyesha rangi ishirini na kukuacha uchague taratibu. Tandiko linalokaa chini yake atalitaja mwishoni, wakati tayari unahesabu hela. Wengi husema "weka lolote", na sakafu nyingi huharibikia hapo hapo. Kabla ya kuuliza bei, jiulize lamineti yako italala juu ya nini.

Kama unaishi ghorofani, kuna familia chini yako inayosikia kila kisigino na kila kiti kinachoburutwa. Kwa nyumba ya namna hiyo naweka namba moja ubao laini wa nyuzi za mbao, wa milimita 5. Mbao huchambuliwa kwa mvuke mpaka zikawa nyuzi, zikachanganywa na maji, zikakandamizwa na kukaushwa. Lignini, gundi ya asili iliyomo ndani ya mti, ndiyo inayozishikanisha. Katikati ya nyuzi hubaki hewa, na hewa hiyo ndiyo inayopunguza kishindo cha miguu na kuzuia joto. Usiuchanganye na MDF, ubao wa nyuzi wa kutengenezea fanicha, ambayo ni nzito na imebanwa kwa gundi ya kiwandani. Ubao huu humeza pia mabonde madogo ya zege, na ni mgumu kiasi cha kutosha kuzishikilia kufuli za lamineti, yaani kingo zinazofungana, zisichezecheze. Redio ya jirani hautaizuia, maana mazungumzo na muziki hupita ukutani na kwenye slabu yenyewe.

Namba mbili kwa ghorofani ni koki, ganda la mti lile lile linalotoa vizibo vya chupa za mvinyo. Ni nzuri sana na hudumu, ila bei yake inauma, ndiyo maana sikuiweka juu. Sponji nyembamba ya plastiki, ile inayouzwa kwa roli, naiweka mwisho. Bei yake ni ndogo, lakini hubonyea haraka mahali penye kabati na kitanda. Na tafadhali usilaze tandiko moja juu ya jingine ukidhani utapata ulaini zaidi: kufuli zitakatika.

Nyumba ya chini mpangilio unageuka kabisa. Jamvi la zege hupandisha unyevu kutoka ardhini, na kwa miji kama Dar es Salaam, Tanga au Mombasa hata hewa yenyewe ina maji. Ubao wa nyuzi ukinywa maji huvimba, tena mchwa wanaupenda. Nilibandua sakafu ya dada yangu ambayo haikumaliza hata mwaka. Ubao ulikuwa umegeuka uji mweusi. Kwa hiyo chini nunua kwanza karatasi ngumu za polistirini, povu gumu la plastiki, za milimita 3, kisha sponji kama mfuko hauruhusu, na ubao wa nyuzi uwe wa mwisho kabisa. Lolote utakalochagua, tangulia kutandika nailoni ya milimita 0.2, vipande vipandane sentimita 20, ubandike maungio kwa utepe na upandishe kingo ukutani.

Zege jipya lina haraka zake na sisi tuna zetu. Kanuni ya mafundi ni takribani siku moja kwa kila milimita ya ripu ya sakafu, lile tabaka la saruji na mchanga la kusawazishia, hivyo ripu ya sentimita 5 hudai kama siku 50, na wakati wa masika zaidi ya hapo. Bandika kipande cha nailoni sakafuni, uzibe kingo zote, ukiache siku nzima au mbili. Ukikuta matone chini yake, subiri.

Darini, chini ya mabati, ubao huo huo wa nyuzi una kazi nyingine. Siling bodi ya nyuzi ya milimita 12 huzuia joto mara tatu au nne hivi zaidi ya jipsamu ya unene huo huo. Bado, kwa jua la mchana ningeanza na foili inayong'aa chini ya mabati, ikiachiwa nafasi ya hewa, kwa sababu joto la bati hushuka kama mnururisho, yaani miale ya joto isiyoonekana, na foili huurudisha. Bodi ya nyuzi ifuate. Ila paa linalovuja lizibwe kwanza, na nyaya za umeme zipite ndani ya mabomba, maana bodi hii inawaka.

Dukani, angalia kingo za vipande. Zilizomomonyoka au zilizopinda zimeshaonja maji ghalani, ziache. Nunua ziada ya asilimia 5 hadi 10 kwa ajili ya mikato. Ukifika nyumbani, fungua pakiti na uvilaze vipande chumbani siku mbili vizoee hewa, kisha uvipange kwa mshazari, ili maungio yake yasikutane na maungio ya lamineti.