Mayai Makavu ya Artemia kwa Samaki wa Beta: Je, Yanafaa?

Mayai ya artemia, viumbe wadogo wa maji ya chumvi wa jamii ya kamba wanaolishwa samaki, huuzwa yakiwa makavu, mfano wa vumbi la kahawia ndani ya kopo, nayo hudumu kwa muda mrefu kopo likifungwa barabara na kuwekwa mahali pakavu penye ubaridi. Kuyaangua kunahitaji lita moja ya maji yenye gramu 25 hadi 35 za chumvi, joto la nyuzi 26 hadi 28 za Selsiasi, mwanga, na pampu ya hewa inayoyazungusha mfululizo. Baada ya saa 24 hadi 36 pampu huzimwa, maganda yakaelea juu, na watoto wa artemia wenye rangi ya chungwa wakajikusanya penye mwanga, ambapo huvutwa kwa mrija mwembamba, kuchujwa kwa kitambaa laini na kusuuzwa ili chumvi isiingie tangini.

Kusuuza huko kusicheleweshwe. Mtoto wa artemia aliyeanguliwa sasa hivi hali kitu, bali huishi kwa akiba ya kiini cha yai, na kadiri saa zinavyopita akiba hiyo hupungua, hata samaki akabaki kumeza mwili usio na mafuta ya maana.

Kwa vifaranga wa beta sijaona chakula kinachokipita hiki. Kifaranga hushambulia kinachotikisika na kupuuza punje iliyotulia, nao artemia huendelea kuogelea katika maji yasiyo na chumvi kwa saa kadhaa kabla ya kufa. Utaona matumbo ya vifaranga yakigeuka rangi ya chungwa, ishara kwamba wameshiba.

Beta mkubwa ni habari nyingine. Mdomo wake umeelekea juu kwa ajili ya kudaka wadudu wa usoni pa maji, na viluwiluwi wa mbu humfaa zaidi, ilimradi wasitolewe kwenye mitaro michafu wala wasiachwe mpaka wakawa mbu. Mabuu mekundu ya wadudu wafananao na mbu, yaliyogandishwa, nayo yanatosha, ingawa watu wengine hupata mzio kwa kuyashika.

Kopo nililolitumia lilikuwa na kasoro ya kutoonyesha asilimia ya mayai yanayotarajiwa kuanguliwa, na sehemu kubwa ya maganda yalizama, yakalazimu kuchuja mara ya pili, kwa kuwa samaki hawezi kuyasaga. Anayelea vifaranga alinunue. Mwenye beta mmoja mzima hana haja nalo.