Kadi ya siku moja ya kuvulia samaki, Västerbotten: pesa yake ni halali, ila ubao umeficha jambo kubwa

Ndugu zangu mnaohamia huku kaskazini ya Sweden, na mshipi mmeuzoea tangu Kigoma, Kalemie au Kisumu: baharini na kwenye yale maziwa matano makubwa, kama Vänern na Mälaren, mtu anavua kwa mshipi bila kulipa senti. Kwingine lazima kadi. Mimi nilinunua ya siku moja kwa simu, krona 100, ya ziwa dogo lililo katikati ya msitu, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Umeå. Chama kinacholiendesha sikitaji, maana ninalolilalamikia nimeliona kwenye maziwa ya vyama vingine pia.

Nianze na mazuri, nayo ni mengi. Kulipa ni dakika mbili. Gati ni imara, mbao zake mpya. Kuna kibanda cha kujikinga na upepo, kuni zimepasuliwa na kupangwa, choo kisafi na karatasi ipo. Kadi moja inatosha mzazi na watoto wake. Na samaki wapo kweli: hata saa sita haijafika tulikuwa na abborre (samaki wa mistari, kwa Kiingereza perch) wa kutosha kitoweo cha jioni, na gädda mmoja mnene. Gädda kwa asiyemjua ni samaki mrefu, kinywa bapa kilichojaa meno, na chakula chake ni samaki wenzake. Hilo la chakula chake likumbuke, nitalirudia.

Maji ya ziwa ni ya kahawia, kama strungi iliyokolea. Ukizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, vidole huvioni. Wanangu waliuliza kama ni uchafu wa kiwanda. Hapana, ni mboji. Majani ya misonobari, mizizi na mimea ya kinamasi huoza taratibu kwenye baridi, kisha mvua za vuli na theluji inayoyeyuka Aprili na Mei huikamua mboji hiyo na kuishusha kwenye vijito hadi ziwani. Tangu miaka ya 1980 maji mengi ya huku yamezidi kuwa ya kahawia, na sababu mojawapo ni njema: mvua ya asidi imepungua, hivyo udongo unaiachia mboji kwa urahisi zaidi.

Tatizo ni kwamba mboji hiyo haishuki peke yake. Imeshikana na zebaki.

Zebaki ilikuja na hewa. Ni moshi wa makaa ya mawe na viwanda, uliosafiri nchi kwa nchi kwa zaidi ya miaka mia na kutua juu ya misitu. Na sisi tumo humo: mchimbaji mdogo wa Geita au Chunya akichoma zebaki apate dhahabu yake, mvuke unapanda, na duniani kote uchimbaji mdogo wa dhahabu ndiyo shughuli ya binadamu inayopeleka zebaki nyingi zaidi hewani. Sweden iliipiga marufuku zebaki nchini mwake mwaka 2009, lakini iliyokwisha kutua kwenye udongo ingali pale, inavuja kidogo kidogo kila mwaka. Kwenye kinamasi kisicho na oksijeni bakteria huigeuza kuwa methilizebaki. Hiyo ndiyo inayoingia kwenye vijidudu, kutoka kwao kwa samaki wadogo, kisha abborre, kisha gädda, na kila anayemla mwenzake anaibeba nyingi kuliko aliyeliwa. Gädda mzee ndiye mwisho wa mnyororo, ukiacha sahani yako.

Haya yamechunguzwa palepale jirani. Huko Krycklan, karibu na Vindeln, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sayansi ya Kilimo cha Sweden wamekuwa wakipima vijito vya msituni kwa miaka mingi, na vijito vinavyotoka kwenye vinamasi huwa na methilizebaki nyingi kuliko vinavyotoka kwenye msitu mkavu. Ukataji wa miti nao unachangia: miti ikiondoka, maji ya ardhini yanapanda hadi kwenye tabaka la mboji. Kuna makadirio kwamba kati ya sehemu moja ya kumi na robo ya zebaki iliyomo kwenye samaki wa misitu hii inatokana na uvunaji wa miti.

Sasa njoo kwenye ubao wa gatini. Umeandikwa vizuri, una michoro ya samaki na vipimo vyao. Unasema gädda anayezidi sentimita 75 arudishwe majini, kwa sababu wakubwa ndio wazazi. Zuri hilo, na linatukinga bila kukusudia, maana wakubwa ndio wenye zebaki nyingi. Lakini neno zebaki halipo popote. Wala ushauri wa Livsmedelsverket, mamlaka ya chakula ya nchi hii, kwamba mjamzito, anayenyonyesha au anayetafuta mimba asile gädda wala abborre zaidi ya mara mbili tatu kwa mwaka. Kwa mwaka! Kwetu hiyo ni wiki moja. Ugali kwa samaki ndicho chakula, na mjamzito ndiye anayeongezewa mnofu. Wenyeji wengi humwachia gädda arudi majini, sisi humla mpaka kichwa. Kumkaanga, kumkausha au kumchemsha kwa ndimu hakuondoi kitu, zebaki imeshika kwenye nyama yenyewe. Anayeumia zaidi ni ubongo wa mtoto aliye tumboni.

Nilimwandikia mwenye chama, akanijibu kwa adabu kwamba habari zote ziko kwenye tovuti ya serikali. Ni kweli ziko. Ila mgeni aliyefika juzi, Kiswidi chake bado cha darasani, ataanzaje kutafuta onyo asilojua kuwa lipo? Mstari mmoja na mchoro wa mama mjamzito ungetosha.

Naipa kadi hii nyota tatu kati ya tano, na nitainunua tena kwa ajili ya watoto. Kama nyumbani kuna mjamzito, tafuteni kadi ya maziwa yanayopandikizwa regnbåge (kwa Kiingereza rainbow trout): hao wamelelewa kwa chakula cha mabwawani, hawakukulia kwenye mnyororo huu, na zebaki yao ni kidogo. Bei ya kadi hizo huwa juu zaidi, na idadi ya kuvua kwa siku ina kikomo, kwa hiyo someni masharti kabla ya kulipa.