Kozi ya ushonaji Mwanza: picha na cherehani nilipigwa peke yangu, cherehani yenyewe tuko wanne

Hili jambo nimekaa nalo muda, nikisema likipoa nitaandika. Halipoi, basi naandika hivyo hivyo.

Kuna mradi mmoja hapa Mwanza unafundisha ufundi bure: kushona, kuchomelea, saluni. Jina naliacha. Tangazo lao lilisema wanachukua vijana wasio na ajira na watu wenye asili ya ukimbizi, ada ni ya wafadhili, na ukimaliza unapewa vitendea kazi ukajitegemee. Mimi ni mzaliwa wa Ulyankulu, Tabora. Wazee wangu walikimbia Burundi mwaka 1972, na uraia tulipata kwenye lile kundi kubwa la 2014, la watu zaidi ya 160,000. Kwa hiyo mimi ni Mtanzania na cheti ninacho. Lakini mtu anayenipa cherehani akitaka kuniandika mwenye asili ya ukimbizi, haya, aandike. Nikaenda.

Mafunzo yenyewe nitayafikia. Nianze na siku ya kufunga.

Turubai, viti vya plastiki, bango, wageni wa magari meupe. Cherehani zimepangwa mbele, zile nyeusi za miguu, mpya kabisa, meza bado zina nailoni na chuma kinanuka mafuta. Tunaitwa mmoja mmoja kwa jina. Unafika, unaweka mkono juu ya cherehani, mpiga picha anasema tabasamu mama, unatabasamu, unapigiwa makofi, anaitwa mwingine. Na mimi nilikuwa na kijana wa mkokoteni ananisubiri getini, tumeshapatana bei mpaka Igoma.

Magari meupe yalipoondoka, mratibu akatoa karatasi akaanza kusoma vikundi. Watu wanne, cherehani moja. Kikundi chetu: mmoja anakaa Buhongwa, mmoja Kisesa, mmoja Bugarika kule juu ya mawe, na mimi Igoma. Anayeujua mji huu ameshacheka. Mimi na wa Kisesa angalau tuko barabara moja. Hao wengine wawili, hata kuonana tu ni nauli.

Nikanyoosha mkono, kwa adabu zote. Nikamwambia, samahani kaka, ile picha niliyopigwa peke yangu na cherehani ni ya nini sasa? Akanijibu, mbele ya watu, tena anacheka: "Mama, nyie mmezoea kupewa. Kambini mlikuwa mnapewa mpaka sabuni, huku kila mtu anataka ya kwake?"

Sabuni!

Huyu kijana hajui hata tofauti ya kambi na makazi. Ulyankulu, Katumba na Mishamo yalikuwa makazi ya kilimo, watu walipewa mashamba. Mwaka 1985 Umoja wa Mataifa ulifunga mizigo ukaiachia serikali, kwa sababu watu walikuwa wanajilisha wenyewe. Baba yangu alilima tumbaku. Nimekua nakaa macho usiku kulisha kuni kwenye bani, banda la kukaushia tumbaku, majani yasiharibike, na pesa ya daftari ilitoka humo. Tulikuwa tunauzia mahindi watu ambao leo watoto wao wanatuambia tumezoea kupewa. Sabuni nilinunuliwa na baba yangu.

Na hata hao walioko kambini kweli, usiwaguse. Nina binamu yangu kambi ya Nyarugusu, Kigoma, alikuja na wimbi la wakimbizi wa Burundi la 2015. Kashona humo humo kambini, mkono wake mzuri kuliko wangu. Lakini chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 1998 kutoka nje ya kambi ni mpaka kibali, kwa hiyo hawezi kuamka asubuhi akapeleka magauni yake Kasulu mjini akauze. Atajitegemea kwa nani? Kwa majirani ambao hawana hela kama yeye. Mtu kafundishwa kazi halafu kafungiwa soko, ukimkuta anasubiri mgao unamsema. Mimi soko ninalo, Igoma pamejaa watu. Cherehani ndiyo iko Buhongwa.

Sasa nitende haki, maana nimeanza kwa hasira na nikiacha hapo nitakuwa mwongo. Mwalimu wetu wa kushona ni fundi haswa, mama mtu mzima, hana maneno mengi. Kola ya shati la shule ambayo mafundi wengi wa mtaani wanailipua, yeye alitukalisha nayo mpaka tukaichukia. Unakata vipande viwili, cha ndani unakipunguza kidogo tu ili mshono usichungulie nje. Unashona, kwenye kona unapunguza kitambaa karibu kabisa na uzi, halafu unageuza kwa ncha ya mkasi uliofungwa, polepole, ukisukuma kwa nguvu unatoboa. Akiishika anaikunja katikati aone kona mbili zinalingana. Zisipolingana hasemi kitu, anakupa wembe. Maana yake fumua. Nimefumua mpaka vidole vikawa na alama. Leo mzazi akiniletea shati la duka na langu, nampa yote mawili ashike mwenyewe.

Kwa huyo mama tu ningewaambia nendeni, tena kesho. Halafu nakumbuka cherehani.

Zamu tuliweka ya wiki wiki. Fikiria chuma kile kinapandishwa Bugarika. Bodaboda inaishia chini, kuanzia hapo ni ngazi za mawe, vijana wawili wanabeba, mmoja kichwa na mmoja miguu, na kila mmoja anataka chake. Wiki ikiisha kinashuka. Katika kupanda na kushuka mkanda ukakatika, tukagombana nani alipe, kwa kitu ambacho ukiwa na cherehani yako unanunua bila kumwambia mtu. Ikafika Januari, msimu wa sare, ndipo fundi anapopata kodi ya mwaka mzima. Mwenzetu wa Buhongwa alikuwa amepata oda ya sketi za shule, akakataa kuiachia. Simlaumu, ningekuwa mimi ningekataa pia. Lakini mimi Januari ile nilishona kwa cherehani ya jirani, namlipa kwa kila nguo, na nguo zikiwa nyingi ananiambia dada kaa pembeni nimalize zangu kwanza.

Mratibu nilipomfuata ofisini alisema kikundi kitatusaidia kukopa halmashauri. Ni kweli, halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu, na riba hakuna. Hilo sibishi. Lakini kikundi cha kukopa mnachaguana wenyewe, mnaojuana tabia, mnaokaa mtaa mmoja. Sisi tulisomwa kwenye karatasi. Na hapo hapo ofisini, ukutani, picha yangu ipo, nimetabasamu, mkono juu ya cherehani. Mgeni akiingia anahesabu watu wengi na cherehani zao. Hakuna maandishi chini yanayosema huyu ana robo.

Basi msiende? Hapana. Kama una cherehani yako au mumeo ana ya kukupa, nenda, ule ujuzi ukiulipia kwingine ni hela. Kama unategemea ya kwao, nilitaka kusema usipoteze muda, lakini nikiangalia kola zangu mdomo unakuwa mzito. Chuo kizuri, ofisi mbovu. Au ofisi inakula sifa ya yule mama, sijui niseme vipi.

Mdogo wangu kajiandikisha kundi linalokuja. Nimemwambia aende, amheshimu mwalimu, na siku ya picha asiweke mkono juu ya kitu chochote mpaka aone karatasi ya makabidhiano yenye jina lake peke yake. Nikisikia wamebadilisha utaratibu nitarudi kufuta nusu ya haya niliyoandika. Lile la sabuni silifuti.