Reli za kukodi za ukingo wa paa: zilivyofanya kazi Kigamboni

Nianze na hukumu kabisa, maana najua wengine mnasoma mkiwa saiti na bando linaisha. Reli hizi, yaani uzio wa muda unaofungwa ukingoni mwa paa ili mtu asidondoke, ni nzuri sana juu ya slabu na kwenye nyumba ya kuficha paa. Kwenye bati la mteremko, lile la msauzi tulilolizoea, msizikodi hata muuzaji akiwaapia. Na kama ukingo wa jengo ni tofali tupu, hakuna zege la kuzibana, mtakuwa mmelipia chuma cha kupigia picha.

Kazi yangu ni kupaua, Dar na Mkoa wa Pwani. Nina mzee mmoja wa kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa), vijana wa bati, na vibarua ninaowaita kulingana na ukubwa wa kazi. Reli hazikuwa wazo langu. Mwenye nyumba ni muuguzi, amekaa miaka mingi wodi ya mifupa, na siku ya kupatana bei aliniuliza jambo ambalo sijazoea kuulizwa na wenye nyumba: "Fundi, mtu wako akiteleza pale juu, kinamzuia nini?" Nikamjibu tuna mikanda ya usalama. Akacheka. "Hao ninaowapokea mimi nao wana mikanda, fundi. Iko stoo." Tukakubaliana reli ziingie kwenye makadirio kama kipengele kinachojitegemea, alipe yeye, nizifunge mimi.

Nyumba ni ghorofa moja, upande wa Kigamboni unaopigwa na upepo wa bahari. Juu kuna slabu ndogo ya matanki na sola, na sehemu iliyobaki ni kenchi za mteremko mdogo zenye bati la migongo mipana, linalofichwa na ukuta unaopanda kuzunguka nyumba. Kutoka ukingo wa lenta ya juu, ile boriti ya zege inayopita juu ya kuta, hadi ardhini ni zaidi ya mita sita. Kwa hiyo kuna kipindi, kabla ule ukuta wa kuficha haujapanda, ambapo watu wanatembea juu ya lenta na slabu bila chochote pembeni. Kipindi hicho ndicho tulichokodia reli. Ukuta ukishafika usawa wa kiuno cha mtu mrefu unakuwa wenyewe ndio kinga, na reli zinahamia upande mwingine.

Nilizichukua kwa kampuni moja ya kukodisha vifaa mjini, ambayo siitaji kwa sababu malalamiko yanakuja huko chini. Seti ina nguzo za chuma zilizopakwa zinki, klempu inayouma ukingo wa zege juu na chini kwa skrubu kubwa, na paneli za wavu wa chuma zinazoning'inizwa kwenye nguzo. Paneli moja ina urefu wa kama mita 2.6 na kimo cha mita 1.15. Kila nguzo imegongwa alama EN 13374 na pembeni yake herufi A. Hiyo herufi ndiyo ya kuangalia kabla hujatoa hela, na ndiyo muuzaji hakuigusa.

EN 13374 ni kiwango cha Ulaya cha kinga za muda za ukingoni. Daraja A ni la mahali tambarare, mwisho mteremko wa nyuzi 10. Limetengenezwa kumzuia mtu aliyesimama au anayetembea, akiegemea au akijikwaa kuelekea nje. B linakwenda hadi nyuzi 30 na C hadi 45, na hayo yanapimwa kwa kumnasa mtu anayekuja akiserereka kutoka juu. Ni vyuma tofauti na wavu wa matundu madogo zaidi. Sasa kijana wa dukani ananiambia, "Bosi, hizi zinafaa paa lolote." Paa langu lilikuwa chini ya nyuzi 10, sikubishana naye. Lakini angekuja fundi mwenye kazi ya msauzi wa nyuzi 25, angeuziwa maneno yale yale. Bati asubuhi lina umande. Mtu akiteleza kutoka kwenye kofia ya paa, kule kileleni, haji kuegemea reli, anafika na uzito wake wote na kasi ya mteremko mzima, na reli ya daraja A haikujengwa kwa hilo.

Kufunga ni rahisi ukishaelewa. Klempu inakaa kwenye slabu ya sentimita 15 bila shida, inakaa kwenye lenta pia, ila mzee wangu wa kenchi alikataa tusifunge kwenye lenta ya upande wa nyuma iliyokuwa imemwagwa karibuni. "Zege bichi utalivunja mdomo," alisema, na tukasubiri. Kuna kijana alijaribu kubana klempu kwenye kozi mbili za tofali za inchi sita zilizokwisha kupanda. Skrubu ilipokazwa tofali likalia, ufa ukaonekana. Tofali zetu hazikutengenezwa kuvutwa kwa juu. Yaani nguvu yote ya vyuma hivi iko pale vinapouma. Nguzo inaweza kuwa ya Ulaya na cheti chake, ikishika tofali la mchanga mwingi na saruji kidogo, ni tofali linalokushikilia.

Kipimo changu cha saiti ni cha kienyeji: kila nguzo ikishafungwa, mtu aliyejifunga kamba anaisukuma kwa nguvu zote kuelekea nje, juu kabisa. Wamarekani katika kanuni zao za ujenzi wanataka reli ya juu ihimili msukumo wa kama kilo 90, na ikae kama mita 1.07 juu ya sakafu. Sina mzani wa kupimia hilo, lakini kijana wangu wa bati ana mwili wa kutosha. Nguzo zilizocheza tulizifungua, na hapo ndipo nilipoona klempu kadhaa uzi wa skrubu umeliwa, zinazunguka bila kukaza. Tulizirudisha.

Anayefunga reli ya kwanza hana reli. Jambo hili sikuliona kwenye karatasi yoyote ya duka, na kusema kweli hakukuwa na karatasi yoyote. Sisi tulizifunga wakati jukwaa la mirunda lililotumika kumwagia slabu bado limesimama, mtu akiwa ndani ya jukwaa na mkanda umefungwa kwenye nondo za nguzo za zege za nyumba. Mkishabomoa jukwaa halafu ndiyo mkakumbuka reli, mtakuwa mmempeleka mtu pembeni kabisa kufunga kitu cha kumzuia asifike pembeni.

Mtauliza kwa nini nisitumie mikanda tu, ni rahisi na kila duka la vifaa linayo. Hesabu yenyewe ni hii. Kamba ya mita 2 yenye kifyonza mshtuko, ukiifunga usawa wa miguu: mita 2 za kamba, kifyonza kinaweza kufunguka hadi mita 1.75, kutoka ndoano ya mgongoni hadi nyayo ni kama mita 1.5, na uache mita 1 ya salama. Ni mita sita na robo. Nyumba ya chini lenta yake iko kama mita tatu. Mtu anafika ardhini kabla mkanda haujamaliza kazi. Kwenye ghorofa yangu ilikuwa inatosha kwa kubahatisha, na hata huko kubahatisha ni iwapo mtu amejifunga. Vijana hawajifungi. Kamba inawazuia kuvuta bati, inanasa kwenye papi (mbao zinazopigiliwa bati), jua linawaka. Reli haihitaji mtu kukumbuka kitu, na kwa mafundi wa kwetu hiyo ndiyo sifa yake kubwa kuliko chuma chake.

Nilichokipenda zaidi sikukitegemea: kasi ya kazi. Mtu anayefunga bati la mwisho pembeni kwa kawaida anatambaa, mkono mmoja kwenye drili, mwingine unatafuta pa kushika. Safari hii walisimama, wakapiga skrubu kwa mstari. Mzee wa kenchi, ambaye mwanzoni aliziita "uzio wa kuku", alikuwa wa kwanza kunywa chai yake akiwa ameegemea pale pale ukingoni. Nilimwambia, "Mzee, uzio wa kuku huo." Hakunijibu.

Usumbufu upo. Bati la mita nne na zaidi linapandishwa kwa mkono kutoka chini, na wavu unalizuia. Vijana wakaondoa paneli moja kupata njia, kisha wakasahau kuirudisha, na ile nafasi ikawa mahali hatari kuliko ukingo usio na reli kabisa, kwa sababu macho yamezoea kwamba pembeni kuna chuma. Tukatenga sehemu moja tu ya kupandishia, na anayepokea bati hapo ndiye peke yake mwenye mkanda, hiyo paneli ikirudi kila mzigo unapokwisha. Ukikodi, uliza kama wana paneli ya mlango. Mimi sikupewa.

Jingine ni upepo. Wavu unapitisha upepo vizuri, kusi lilivuma na nguzo hazikutikisika. Lakini mchana kijana mmoja alifunga turubai kwenye reli apate kivuli, na turubai likajaa upepo kama tanga la jahazi, nguzo mbili zikaanza kuinama. Lilishushwa haraka. Wenye nyumba wanaopenda kutundika mabango kwenye saiti nao waambiwe hivyo hivyo.

Sasa malalamiko ya duka. Seti haikuja na ubao wa chini, ule unaozuia nyundo, skrubu na vipande vya bati visidondoke kwa walio chini. Kiwango cha Ulaya kinautaka, angalau sentimita 15. Duka likasema huo ni wa ziada, na hawana. Nikanunua mbao za inchi moja kwa sita, zinazokaribia kipimo hicho, nikazifunga kwa waya wa kufungia nondo. Pini za kufungia paneli zilikuwa pungufu. Na boliti za baadhi ya klempu zilibadilishwa zikawekwa za chuma cheusi. Kwa hewa ya Kigamboni, kabla hatujamaliza bati zilikuwa zimeshika kutu huku nguzo zenye zinki ziking'aa tu. Reli zenyewe nazipa nyota nne kati ya tano. Duka nalipa mbili, na ya pili ni ya dereva wao aliyetusaidia kushusha.

Gharama: kodi ya wiki kwa nyumba hii haikufikia ujira wa fundi mmoja na msaidizi wake kwa wiki hiyo hiyo. Kinachouma ni amana, wanashika hela ndefu, na usafiri ni juu yako, pamoja na kulipia Daraja la Nyerere kwenda na kurudi. Kwa nyumba ndogo hapo ndipo watu watakapokata tamaa. Wakati huohuo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri usalama wa anaowafanyisha kazi, na kibarua wa kupaua leo yuko kwangu, wiki ijayo kwa mwingine. Akivunjika, kila mtu anamwonyesha mwenzake kidole.

Na kuna kitu reli haiwezi kabisa, nisije nikaonekana natangaza biashara ya watu. Haizuii kuanguka kwa ndani. Kenchi zikishasimama na papi hazijapigwa zote, chini yako kuna mita tatu za hewa hadi kwenye zege, na mafundi wanaruka kutoka kenchi hadi kenchi. Bati la mwanga nalo, lile la plastiki, ukilikanyaga katikati unapita nalo. Kwa ndani tulitandika mbao juu ya mihimili ya chini ya kenchi, ile ya mlalo, tukazihamisha kadiri bati lilivyosonga. Nafasi ya matanki na tundu la ngazi tulizifunika kwa mbao zilizopigiliwa, si za kuegeshwa. Hayo hayapo kwenye seti yoyote ya kukodi.

Wakati wa kurudisha, duka lilikata amana kwa paneli moja iliyopinda. Ni kweli ilipinda, fungu la bati liliegemezwa pale, sikubishi. Ila walitaka kukata pia kwa zile klempu zilizoliwa uzi ambazo niliwarudishia siku ya kwanza. Nilikuwa nimezipiga picha kabla hazijapanda kwenye gari, wakanyamaza.

Kazi iliyo mbele yangu ni nyumba ya chini huko Mkuranga, msauzi wa nyuzi 25 au karibu na hapo. Reli hizi sizichukui. Nitazungusha jukwaa la mirunda nyumba nzima, sakafu yake ikae chini kidogo ya fishabodi (ubao wa ukingo wa paa), na upande wa nje reli za mbao zipande kupita usawa wa bati, zimefungwa kwa ndani ya mirunda ili mtu akizisukuma zikandamizwe kwenye mrunda badala ya kung'oa misumari. Mwenye nyumba ameshauliza kwa nini mirunda mingi hivyo. Nimemtumia hesabu, bado anaitafakari.