Douglas World Cruiser: matangi ya uhakika, injini ya kubembeleza

Kwa namba peke yake, Douglas World Cruiser haina cha kujivunia. Mwendo wake wa mwisho ni kilomita 166 kwa saa ikiwa na magurudumu, na ikivalishwa maboya ya kutulia majini unapungua kidogo. Mwaka 1924 zilikuwepo ndege zilizoikimbia mbali. Hata hivyo hii ndiyo iliyoizunguka dunia kabla ya nyingine yoyote: nne za jeshi la Marekani ziliondoka mji wa Seattle tarehe 6 Aprili 1924, na mbili kati ya hizo zikarudi hapohapo tarehe 28 Septemba, baada ya siku 175 na takriban kilomita 44,000. Hapa tunaikagua mashine yenyewe, kama mtu anavyofungua boneti ya gari kabla ya kutoa pesa.

Ni baipleni ya viti viwili, bawa moja juu na jingine chini, yakishikwa na nguzo na nyaya, upana mita 15.2. Mabawa ni mbao zilizovikwa kitambaa kilichopakwa vanishi, na yanakunjwa kuelekea nyuma, jambo linalosaidia sana pale ambapo hakuna banda. Mwundaji wake, Donald Douglas, hakuianza kwenye karatasi tupu. Alichukua DT-2, ndege ya torpedo ya jeshi la majini la Marekani, akaitoa torpedo, na uzito uliobaki akaugeuza wa petroli. Ndiyo maana ndege ya majaribio ilikabidhiwa siku 45 tu baada ya mkataba. Viti vilisogezwa karibu ili rubani na fundi wasikizane, na bawa la juu likakatwa kipande ili rubani aone juu.

Kazi nzuri kuliko zote iko kwenye matangi. DT-2 ilibeba lita 435. Hii inabeba 2,438, katika matangi sita: moja katikati ya bawa la juu, mawili kwenye mashina ya mabawa ya chini, moja nyuma ya injini, moja chini ya kiti cha rubani na jingine chini ya kiti cha fundi. La bawa la juu hulisha karbureta kwa mteremko, bila kuhitaji pampu. Yaliyo chini lazima yasukumiwe petroli yake juu. Ipo pampu inayozungushwa na injini, ipo ya upepo, na zote zikigoma ipo ya mkono.

Usiidharau hiyo ya mkono. Tarehe 31 Agosti, kati ya Greenland na Labrador, pampu zote mbili za ndege iitwayo Chicago zilikufa njiani, juu ya bahari yenye barafu. Rubani Lowell Smith akahamia tangi la juu, na Leslie Arnold kwenye kiti cha nyuma akapampu karibu saa tatu, mkono ukichoka anaufunga mshipi ili mabega yasaidie. Walifika. Mfumo unaomruhusu mtu mmoja kuokoa safari kwa misuli yake tunaupa alama zote.

Ila usidanganywe na ule umbali wa kilomita 3,500 ulioandikwa kwenye sifa zake. Lita 2,438 za petroli zina uzito wa karibu tani moja na robo tatu. Ndege tupu yenye magurudumu ni kilo 1,987, na uzito wake wa kawaida wa kuruka ni kilo 3,173. Toa mwenyewe: ukijaza matangi yote umeshapita kipimo kabla watu wawili hawajapanda. Mruko mrefu kuliko yote wa safari ile, kutoka Reykjavik hadi kusini mwa Greenland, ulikuwa kama kilomita 1,340 tu. Na ulaji wa mafuta, hata kwa hesabu ya karatasi, ni lita moja isiyofikisha kilomita moja na nusu.

Sasa injini, na hapa ndipo alama zinaposhuka. Ni Liberty L-12, silinda 12 kwa mpangilio wa V, lita 27, nguvu farasi kama 420, ya kupozwa kwa maji. Bei yake ilikuwa nafuu kwa sababu jeshi lilikuwa nazo tele tangu vita vya kwanza vya dunia. Kila silinda inasimama peke yake, na koti lake la maji ni bati lililochomelewa juu ya chuma. Mtetemo ukizidi, weldi inapasuka, maji yanatoka, injini inachemka. Vichochezi vya umeme vinategemea betri, hivyo kuna plagi 24 za kutazamwa na betri moja ya kulindwa kama yai.

Rekodi yake njiani inajieleza. Seattle, ndege ya Meja Frederick Martin, ilitua kwa dharura huko Alaska tarehe 15 Aprili ikiwa na tundu kwenye sanduku la krankshafti. Chicago ilikwama kwenye wangwa karibu na Hue, Indochina, injini imekwisha, ikakokotwa na mitumbwi ya makasia hadi mjini. New Orleans iliingia Karachi injini imenoki, oili imetapakaa mwilini mwa ndege. Boston iliishiwa presha ya oili tarehe 3 Agosti kati ya Orkney na Iceland. Ilitua salama juu ya mawimbi, lakini manowari Richmond ilipojaribu kuinyanyua vifaa vya kunyanyulia viliiangukia, na baadaye ikazama ikivutwa karibu na Faroe. Leigh Wade na Henry Ogden walipona, wakaendelea kutoka Nova Scotia kwa ile ndege ya majaribio iliyopewa jina Boston II.

Kwa upande wa joto, Douglas alitoa rejeta za ukubwa mbili, ndogo ya baridi na kubwa ya nchi za joto. Ni wazo la busara, ingawa silinda zilizochomelewa vile haziokolewi na rejeta peke yake.

Maboya ni lazima mahali pasipo na kiwanja, lakini yana gharama. Yanaongeza mamia ya kilo, yanapunguza mwendo, na rasharasha za maji hula kingo za pangaboi la mbao. Maji yakitulia kama kioo hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu maboya hunata na hewa ya joto haina nguvu ya kubeba. Hapo inahitajika boti ipite mbele kuyachafua maji. Siku ya kuondoka Seattle, Boston ilikataa kunyanyuka hadi ilipopunguziwa mizigo. Maboya yalivuliwa Calcutta na kufungwa magurudumu, yakarudishwa Uingereza kabla ya kuvuka Atlantiki. Panga siku kadhaa na winchi imara kwa kila badiliko.

Raha usiiulize. Viti viko wazi kwa mvua na baridi. Redio hakuna, na parashuti na maboya ya kujiokolea viliachwa ili kupunguza uzito.

Kwa nini basi ilishinda? Spea. Mkataba wa ndege nne pamoja na vipuri ulikuwa dola 192,684, na kabla ya safari zilitawanywa njiani injini 15, seti 14 za maboya na sehemu za kutosha kuunda ndege mbili zaidi. Linganisha na Breguet 19 ya Mfaransa Pelletier d'Oisy, yenye kasi kuliko hii: ilitoka Paris ikafika Shanghai chini ya mwezi mmoja, ikavunjikia hapo, na akamalizia safari ya Tokyo kwa ndege ya kuazima. Mwingereza MacLaren, naye akishindania kuizunguka dunia kwa ndege ya Vickers Vulture, alivunjikia Akyab, Burma, wakati ndege yake ya akiba iko Japani. Ni manowari ya Wamarekani, wapinzani wake, iliyomletea.

Kwa saa 371 za angani ndani ya siku 175, ndege hii inaruka wastani wa saa mbili na dakika chache kwa siku. Muda unaobaki ni wa kusubiri hali ya hewa na wa spana. Asiye na fundi kiti cha nyuma asiiguse.

Chicago ipo kwenye jumba la Smithsonian mjini Washington, na New Orleans ipo Santa Monica, mji ilikoundwa. Ukizikaribia, anza na lile pengo la bawa la juu, kisha ufuate kwa macho kutoka tangi la katikati kushuka hadi kwenye injini. Urefu wa mteremko huo ndio uliomwezesha Arnold kufika Labrador. Mabaki ya Seattle yako Anchorage. Hiyo haikuangushwa na Liberty wala na pampu: tarehe 30 Aprili iligonga mlima ndani ya ukungu, na Martin na sajini Alva Harvey wakatembea siku kumi kwenye theluji hadi kufika Port Moller.