Nafplio: siku mbili, vidato visivyofika 999 na samaki niliyemla bila kuuliza bei

Nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeizuia kwa sababu ya samaki, nitafika huko.

Nilikwenda Nafplio, mji wa bandari wa Ugiriki, kwa basi la KTEL (mabasi ya mikoani ya huko) kutoka stendi ya Kifissos, Athens, safari ya saa mbili na ushee. Wengi huja asubuhi na kurudi jioni. Mimi nililala siku mbili, na sijutii. Mchana mji wa kale ni wa watalii na vibendera vya viongozi wao. Wakishapanda mabasi yao, wenyeji hutoka na watoto kwenye uwanja wa Syntagma, mpira unapigwa juu ya sakafu ya mawe iliyosuguliwa na miguu mpaka inateleza kama sabuni.

Kilichonipeleka ni ngome ya Palamidi. Waveneti waliijenga kati ya 1711 na 1714, na 1715 tu Waturuki wakawanyang'anya. Mimi mtoto wa Mombasa, nimekulia kando ya Fort Jesus, nikadhani ngome nazijua. Hii imekaa kileleni mwa jabali la zaidi ya mita 200, nawe unaipanda kwa miguu. Watakwambia vidato ni 999. Nilivihesabu. Kwenye cha 612 mama mmoja akaniomba nimpige picha, nikasimama, kisha nikaendelea, na kutoka hapo hadi langoni havikuzidi 250. Kwa hiyo 999 ni porojo, ingawa magoti yangu yaliziamini. Kosa langu ni kupanda saa tano za asubuhi, mwezi wa saba, na kichupa kimoja cha maji. Wahi lango linapofunguliwa; njiani kivuli hakuna. Asiyeweza ngazi apande teksi, barabara ya nyuma inafika mpaka juu.

Usishuke kabla ya kuona chumba wanachokionyesha kuwa ndimo alimofungwa Kolokotronis, jemadari wa vita vya uhuru, aliyegeukwa na serikali ya nchi aliyoipigania. Mlango wake ni kitundu. Niliingia kwa magoti, nikatoka kinyumenyume.

Mji huu ndio uliokuwa makao makuu ya Ugiriki hadi 1834, kabla ya Athens. Kapodistrias, gavana wa kwanza, aliuawa 1831 mlangoni mwa kanisa dogo la Mtakatifu Spyridon, na alama ya risasi ukutani wameihifadhi kwa kioo. Kanisa lenyewe limebanwa katika kichochoro chembamba. Nililipita mara mbili.

Madukani wanauza tasbihi kila rangi. Nilidhani ni za dhikri, kumbe wazee wanazizungusha vidoleni kupitisha wakati tu. Nikanunua moja.

Sasa samaki. Mkahawa mmoja wa gatini, mkabala na Bourtzi, kile kingome kilichosimama majini. Mhudumu kaniletea sinia la samaki wabichi, nikachagua mmoja mnono. Kumbe bei ya menyu ni ya kilo, na mkate ambao sikuuagiza nao umo kwenye bili. Nililipa zaidi ya malazi ya usiku mmoja. Kuchomwa alichomwa vizuri, limau na mafuta ya zeituni tu, siwezi kumsingizia. Kesho yake nikala souvlaki, mishikaki ya Kigiriki, uchochoroni, nimesimama.