Tathmini: kopo la risasi 440 za mwaka 1976, na boksi nililopewa kama nyongeza

Nilinunua kopo la bati la Kisovieti lenye risasi 440 za bunduki za 7.62x54R (kipimo cha Kirusi), na muuzaji akaniongezea boksi la karatasi la risasi za .303 (kipimo cha Kiingereza) za mwaka 1943, huku akinihakikishia kwamba zote ni nzima kwa sababu zilitengenezwa kwa ajili ya jeshi. Kopo limenifurahisha. Risasi za kwenye boksi sikufyatua hata moja.

Nianze na kopo. Rangi yake ya kijani ilikuwa imechubuka pembeni, lakini mshono ulikuwa mzima, bila kutu iliyopenya wala uvimbe, na hilo ndilo jambo la kwanza la kutazama kabla ya kulipa, kwa kuwa kopo lililotoboka hata tundu dogo la sindano halina tofauti na boksi la karatasi. Kulifungua ni kazi. Kifungulio chake hukaa ndani ya kasha la mbao linalobeba makopo mawili, na anayenunua kopo moja aghalabu hukikosa. Ndani nilikuta pakiti 22 za karatasi zilizofungwa kwa uzi, kila moja ikiwa na risasi 20, karatasi ikiwa kavu kiasi cha kulia ilipokunjuliwa. Maganda ya chuma yaliyopakwa shaba yalikuwa yaking'aa, na hapakuwa na harufu yoyote kali.

Harufu ina maana kubwa hapa. Nitroselulosi iliyomo katika baruti huoza polepole tangu siku inapotengenezwa na kutoa oksidi za nitrojeni, ambazo zisipodhibitiwa huharakisha uozo huohuo. Ndiyo sababu watengenezaji huchanganya kiimarishi, kwa mfano difenilamini, cha kuzinasa gesi hizo. Kiimarishi kikiisha, baruti huanza kunuka tindikali, hutoa vumbi la rangi ya kutu, na ganda huliwa kutokea ndani. Joto ndilo adui mkubwa, kwani kila linapopanda kwa takriban nyuzi 10 za Selsiasi, mwendo wa uozo karibu huongezeka maradufu. Risasi zilizokaa mahali pakavu penye ubaridi hudumu miongo mingi, ilhali zilizoachwa kwenye buti la gari au chini ya paa la mabati huzeeka haraka.

Nilifyatua pakiti tatu. Risasi 59 zililipuka mara moja. Moja iligoma kwa muda mfupi baada ya pini kugonga, kisha ikalipuka. Hapo ndipo mtu huumia kwa kufungua komeo upesi: mtutu unapaswa kubaki umeelekezwa mahali salama kwa angalau sekunde 30. Na endapo mlio ni hafifu kuliko kawaida, usifyatue tena kabla ya kuondoa risasi zote na kuhakikisha kuwa mtutu hauna kitu, maana kichwa cha risasi kilichokwama humo kikifuatwa na kingine mtutu hupasuka.

Kasoro za kopo ni mbili. Fataki zake, yaani vifuniko vidogo vya kuwashia baruti vilivyo kitakoni mwa ganda, zina potasiamu klorati, ambayo huacha chumvi inayovuta unyevu, na mafuta ya bunduki peke yake hayaiyeyushi. Mimi humimina maji ya moto mtutuni jioni ileile, nikakausha, ndipo nikapaka mafuta. Pili, vichwa vyake vina kiini cha chuma na hunasa sumaku, hivyo viwanja vingi vya shabaha havivikubali.

Sasa boksi. Maganda yalikuwa ya shaba, mengine yakiwa na ukungu wa kijani kuzunguka fataki, na saba kati ya ishirini niliyoyakagua yalikuwa na nyufa nyembamba shingoni. Katika ufa mmoja mpana niliziona nyuzi za kodaiti (baruti ya Kiingereza ya wakati huo), za kahawia, zikiwa zimelala kama tambi. Nyufa za namna hii Waingereza walizijua tangu India ya kikoloni, ambako risasi zilizohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi zilipasuka wakati wa masika. Mwaka 1921 wachunguzi walieleza kwamba amonia itokayo kwenye mkojo wa farasi, ikisaidiwa na unyevu, hushambulia shaba ambayo bado ina mkazo uliobaki kiwandani. Ganda kama hilo likifyatuliwa laweza kuvujisha gesi ya moto kuelekea usoni.

Rafiki yangu alishauri nizisugue na kuzipaka mafuta. Kusugua huondoa rangi ya kijani bila kuziba ufa, na mafuta ya kupenya yanaweza kuingia kwenye fataki na kuiua. Sikuzichoma wala kuzitupa jalalani. Niliwapigia simu polisi kwanza ili wanielekeze namna ya kuzikabidhi, nao wakazichukua zote. Muuzaji alipoulizwa zilihifadhiwa wapi, alijibu kwamba zilikaa bandani, na hakuona tatizo lolote katika jibu hilo. Kopo ningelinunua tena kwake, mradi mshono niukague mwenyewe.